Jitu Lililosimuliwa Mchana

Jitu la mlima wa kwetu nililijua kabla sijalijua jina la mkoa wangu. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyetulea nalo. Lilikaa ndani ya mlima wa mawe ulio nyuma ya kijiji, huku Shinyanga vijijini, na lilimeza watu na ng'ombe wao bila kutafuna. Waliomezwa hawakufa. Walipika humo humo tumboni, wakazaa, wakawasikia majogoo wa nje wakiwika. Nilipokuwa mdogo jambo hilo lilininyima raha. Nilipokuwa mtu mzima na kuanza kuandika hadithi, Kalangalala, mjini Geita, kwenye meza ya duka langu la kuchapa barua za watu, nikalitamani. Nilikuwa nimechoka kuandika mapenzi. Nikajisemea, jitu hili ni urithi wangu, wacha nilitumie.

Shida ni kwamba nilikuwa nimesahau mwisho. Nilikumbuka watu walitoka tumboni, sikukumbuka walitokaje. Nikafunga safari kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umekumbuka kwamba una mke?"

Nikamweleza shida yangu. Akacheka, kisha akakataa. Kwetu kila mtoto anajua kwamba hadithi za jitu hazisimuliwi jua likiwa juu. Anayesimulia mchana hupotelewa na mtu wake.

"Bibi, hayo si mlitutungia ili tusilikimbie jembe?"

"Na mkalikimbia hivyo hivyo."

Nilikuwa na haraka ya basi. Nikambembeleza, nikamtania kwamba mke gani huyu anamnyima mumewe hadithi, mpaka akalegea. Lakini alilegea kwa masharti yake. Tuliingia ndani, akafunga mlango, akatundika kanga dirishani, akawasha kibatari. Saa saba mchana, bati likituchoma vichwani, tukakaa kwenye giza la kutengeneza, tunaidanganya hadithi kwamba jua limezama. Mimi nilikuwa najing'ata mdomo nisicheke.

Alisimulia vizuri kuliko nitakavyoweza kuandika maisha yangu yote. Alikuwa jitu, akawa ng'ombe, akawa kijana mwerevu aliyebaki peke yake kijijini. Mimi nilikuwa namrekodi kwa simu. Alipofika pale kijana anapolinyemelea jitu na kisu, nikatazama kioo cha simu, nikaona weusi mtupu, uso wa bibi haupo. Nikanyoosha mkono nikaivuta kanga.

Mwanga ukajaa chumbani. Bibi alikuwa ameinua mkono, ule wa kisu, akaushusha polepole hadi magotini.

"Umefungua," akasema.

Nikaomba radhi, nikairudisha kanga mahali pake, nikajaribu kutania. Hakutaka. Wala hakukasirika, alizima kibatari tu. Nikapanda basi na hadithi ambayo watu wake wote bado wako tumboni.

Mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi, alikuwa mchimbaji kwenye machimbo ya Mwakitolyo. Tulikuwa karibu rika moja, tulichunga pamoja, na yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea kwenye lambo la ng'ombe. Wiki ya pili baada ya safari yangu ile, mvua kubwa ilinyesha, na shimo lao la dhahabu, ambalo wenyewe wanaliita duara, likatitia. Chini kulikuwa na watu wanne. Watatu walivutwa kwa kamba wakiwa hai. Mjomba alikuwa ametangulia mbele kabisa. Wenzake walichimba siku kadhaa, kisha kifusi kikaanza kuwatishia na wao, wakasimamishwa. Hadi leo yuko humo.

Najua kilichomuua. Matimba, zile nguzo za miti zinazoushikilia udongo usianguke, yalikuwa yameoza, na maji yakamaliza kazi. Wale watatu waliotoka waliniambia wenyewe. Nimejieleza hivyo mara nyingi, nikiwa peke yangu dukani, kwa sauti kabisa, na kila nikimaliza najisikia kama mtuhumiwa mbele ya askari.

Msibani hakuna aliyenisema. Mama mkubwa alinipa sahani ya chakula bila kunitazama, nikaelewa kwamba habari ya kanga imefika jikoni. Na bibi akaacha kuniita mume wangu. Akawa ananiita kwa jina langu la shuleni, lile la kwenye vyeti. Iliniuma sana. Bora angenitukana.

Hadithi niliimaliza, tena niliimaliza kwa hasira. Niliwatoa wote tumboni, mmoja mmoja, mpaka mbwa. Ikachapwa kwenye kitabu kidogo cha hadithi za kwetu, na wachache walioisoma wakaniambia mwisho ndio mtamu. Mimi siwezi kuusoma. Kijana wangu wa kalamuni analipasua jitu kwa kurasa mbili, wakati wanaume wenye sururu na pampu walishindwa kumfikia mtu mmoja.

Juzi juzi, baada ya mavuno, nikarudi kwa bibi. Nilitaka kitu kimoja tu: aseme si mimi. Nilikuwa nimechoka. Nilimkuta uani anakata viazi vitamu vya michembe, vipande vyembamba vya kuanika juani. Nikachukua kisu cha pili, nikakaa, nikakata naye. Nikamweleza yote, mvua, matimba, maneno ya wale watatu. Nikamwambia duara lile lingetitia hata kama mimi nisingezaliwa.

Nilipomaliza akasema, "Najua."

"Kama unajua, bibi, kwa nini umeniacha hivi muda wote huu?"

Akakata kiazi kizima kabla ya kujibu. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Siku chache kabla sijaja na simu yangu, mjomba alikuwa amerudi nyumbani. Alisema miti ya duara lile inalia kila wanaposhuka, na kwamba yeye basi, harudi tena. Akakaa siku tatu, anamsaidia kuni na maji. Siku ya nne bibi akamwambia, mwanaume gani anashinda jikoni na mama yake, wenzake wako kazini? Mjomba aliondoka asubuhi hiyo hiyo, hata uji hakunywa.

"Nikisema si wewe," bibi akaniambia, "atabaki nani?"

Akarudi kukata, lakini macho hayakuwa kwenye kisu. Nilimwogopea asijikate, nikakichukua. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima ili nikautue mzigo, na nilikuwa na haki ya kuutua, hilo sikuwa na shaka nalo. Nikamtazama yule mwanamke mzee, nikakumbuka kwamba analala peke yake katika nyumba ile, na kwamba kila asubuhi anaamka na kupika uji.

"Ni mimi, bibi," nikasema. "Mimi ndiye niliyempoteza."

Akajifuta mikono kwenye kanga yake.

"Eeh," akaitikia. "Ni wewe."

Akashusha pumzi, akanisogezea beseni la viazi.