Pasi ya Mkaa Juu ya Sanduku la Viatu

Simu ilinikuta juu ya ngazi, Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu, nikipaka rangi dari la darasa. Nilipoona anayepiga ni Mama Vifungo, aliyekuwa akimuuguza dada yangu hospitali, nilijua kuna jambo. Mama huyo huuza vifungo, nyuzi na zipu kwenye baraza la duka la ushonaji la dada yangu, na kwa kawaida hapigi simu. Hubipu tu, umpigie wewe.

"Kaka," akasema. "Kaka, uko wapi? Shika kitu kwanza."

Nikashika ngazi.

"Dada ametuacha. Sasa hivi tu, hapa hospitali. Nilikuwa namsimulia habari za yule mteja anayekataa kwamba amenenepa. Akacheka, akafumba macho. Mimi nikadhani kasinzia."

Nilishuka. Nikaosha brashi, nikaifuta, nikafunika ndoo ya rangi vizuri kabisa, ndipo nikaketi sakafuni na kulia. Ni yeye aliyenifundisha kutoacha kazi imetapakaa.

Dada alikuwa fundi cherehani. Mama yetu alipofariki, mimi nilikuwa na miaka tisa na yeye ishirini. Akaketi kwenye cherehani ya mama, akakanyaga, na kwa miguu yake ile nikasoma mpaka kidato cha nne. Kaptula yangu ya shule aliishona kubwa makusudi. Nikilalamika, alinijibu, "Utaikuta mbele ya safari." Miaka miwili nilitembea nimeishika kiunoni, wenzangu wakiniita Bendera. Hakuolewa wala hakuzaa, lakini kwa miaka kumi na minane alifundisha darasa la wadogo kanisani, wale wa miaka minne hadi saba, na hakuna mtoto mtaani kwetu ambaye hakuwahi kufutwa kamasi na dada yangu.

Pasaka aliwafundisha kwa njia yake mwenyewe. Ijumaa Kuu, baada ya ibada, watoto walimfuata dukani. Alikuwa ameshona mwanasesere wa mabaki ya vitambaa. Watoto walimzungushia kitambaa cheupe, wakamlaza ndani ya sanduku la viatu, wakafunika. Juu ya kifuniko Dada aliweka pasi ya mkaa ya mama yetu, ile nzito ya chuma. Watoto wote walijaribu kuinyanyua kwa mkono mmoja, wakashindwa.

"Basi lile jiwe lilikuwa zito kuliko hivi," aliwaambia. "Sasa nendeni nyumbani. Kesho hakuna kuja kuchungulia."

Jumapili, kabla ya ibada, walirudi mbio. Pasi iko sakafuni. Sanduku liko wazi. Mwanasesere hayupo. Kuna kitambaa tu, kimekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe, kama shati la dukani.

Kila mwaka hakukosekana mmoja wa kupiga kelele, "Kaibiwa!"

"Mwizi gani huyo wa kukunja nguo?" Dada alimuuliza. "Mwizi ana haraka. Huyu hakuwa na haraka hata kidogo. Ameamka, amekunja shuka lake, ametoka."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko hai. Kimbieni mkawaambie na wengine."

Nao walikimbia mpaka kanisani wakipiga kelele, na mchungaji alikuwa ameshazoea kuwaachia mlango wazi.

Mwaka mmoja alisahau. Magauni ya sikukuu yalimwelemea, akashona mpaka akapitiwa. Watoto walipofika Jumapili, pasi ilikuwa bado juu ya sanduku. Msichana mmoja mwenye pengo akasema, "Labda bado kachoka." Dada alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaketi chini katikati yao. Mimi nilikuwa mlangoni, nikamsikia vizuri.

"Aliyesahau ni mimi," akasema. "Yeye hakusahau. Hili ni sanduku langu, ndiyo maana limechelewa. Lile kaburi halikuningoja mimi."

Maneno hayo niliyaona ya kawaida siku ile. Sikujua kama nitayahitaji.

Jioni ya Alhamisi nilimweka kitindamimba wangu magotini. Ana miaka mitano, tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Nikamwambia kwamba Shangazi amefariki. Akafikiri, akahesabu kwa vidole.

"Kesho Ijumaa. Halafu Jumamosi. Basi Jumapili atatoka." Akashuka magotini, akaenda kucheza.

Mke wangu alinitazama. Tulijua maziko yamepangwa Jumatatu. Mtoto huyu akingoja Jumapili, kisha Jumatatu aone shangazi yake anafukiwa, ataamini nini tena kati ya yote aliyofundishwa?

Ijumaa, Mama Vifungo alikuwa wa kwanza kusema. "Kaka, mwaka huu tuache sanduku. Huyo wako atasema tumemdanganya."

"Tukiacha mwaka huu," mke wangu akajibu, "ndiyo tutakuwa tumewadanganya miaka yote. Wifi yangu angelifanya hata akiwa na homa."

Basi tukalifanya. Mwanasesere tulimkuta kwenye kapu la Dada, ameshonwa tayari, tangu kabla hajalazwa. Watoto wakamfunga kitambaa, wakamlaza. Mimi nikaweka pasi.

Jumapili alfajiri nilikwenda dukani peke yangu kufungua sanduku. Sikuwa nimewahi kujua Dada aliwaficha wapi wale wanasesere. Nikavuta droo kubwa ya meza ya kukatia, nikawakuta. Walikuwa kumi na saba, kila mmoja wa kitambaa cha mwaka wake. Katika wote hakuna hata mmoja aliyelazwa. Dada alikuwa amewaketisha. Nikamketisha wa kumi na nane pembeni yao, nikasema asante kwa sauti, kana kwamba yuko pale anapima mtu kiuno. Kisha nikakunja kitambaa kwa mikono yangu ya fundi rangi.

Watoto wakaja. Chiriku alivaa gauni aliloshonewa na shangazi yake mwaka jana, kubwa makusudi. Mwaka huu lilikuwa limemkaa sawasawa. Wenzake walipiga vigelegele kwa kuliona sanduku tupu. Yeye aliinama, akakagua kitambaa.

"Hiki hakukunja Shangazi. Pembe zimekwenda upande."

"Nimekunja mimi."

"Kwa hiyo Shangazi hajatoka?"

Mama Vifungo akageukia ukutani. Nilichuchumaa.

"Hajatoka, mama. Yesu ametoka kwanza. Shangazi atatoka siku Yesu atakapomwita. Siku hiyo mimi siijui."

"Ni kesho?"

"Siyo kesho. Kesho tunamzika."

"Kuna mtu amesahau?"

"Hapana. Sisi ndio wa kusahau. Yesu hasahau."

Hapo ndipo alipolia. Alinipiga gotini kwa ngumi zake ndogo, kisha akalishika goti hilohilo akalilalia. Nilimwacha alie. Namshukuru Mungu kwa kilio kile, maana kilikuwa cha mtoto aliyeambiwa ukweli. Alipomaliza, alichukua kitambaa, akakikung'uta, akakikunja upya, pembe juu ya pembe, kama alivyofundishwa. Wenzake walikuwa wameshafika kanisani. Akawafuata mbio, wa mwisho, machozi hayajakauka, nasi tukamsikia kuanzia barabarani, "Yuko hai! Yuko hai!"

Jumatatu tulimuaga Dada nyumbani kwake, chumba cha mbele, cherehani ikiwa imesogezwa ukutani. Alivaa gauni la samawati alilojishonea. Chiriku alikuja na kile kitambaa mkononi, akaniomba nimnyanyue. Nikamnyanyua. Akakikunjua chote, akakitandaza kifuani pa shangazi yake.

"Mbona umekikunjua, mwanangu?" Mama Vifungo akamuuliza.

"Atakikunja mwenyewe akitoka."

Tukafunga jeneza. Wanaume sita tulilibeba. Makaburini mchungaji alisoma habari za wanawake waliofika alfajiri wakakuta jiwe limeondolewa, akaomba, tukamshusha. Mimi nilitupa udongo wa kwanza, kisha mke wangu na Mama Vifungo, kisha watoto wa darasa lake mmoja mmoja. Wakaimba wimbo wa Pasaka aliowafundisha, beti zote tatu. Saa kumi kaburi lilikuwa limekamilika. Tukanawa mikono, tukarudi nyumbani.