Wabebaji wa Leopold

Notburga alifua nguo za mgodi wa chumvi tangu alipoolewa. Chumvi iliingia kwenye nyufa za vidole vyake ikamuuma, naye akayazoea maumivu yale kama wengine wanavyozoea mume mkali. Leopold hakuwa mkali. Alikuwa mchimbaji tu. Mgodi ulipofungwa ukageuzwa mahali pa watalii kuteleza kwenye mbao na kupiga kelele gizani, alikunja sare yake nyeusi, akaitia sandukuni, wala hakupanda tena mlimani.

"Wale vijana wanaovaa sare zetu ili wapigwe picha wasiniguse," alimwambia mkewe alipokuwa hoi kitandani. "Mchimbaji hubebwa na wachimbaji."

"Hawatakugusa," Notburga aliahidi.

Asubuhi ya maziko walikuja wachimbaji wazee wanne, ndio waliobaki wenye miguu ya kupanda. Walipita na jeneza kando ya ziwa, wakihema. Kanisa liko juu, na ngazi zake za mawe zilikuwa zimeganda barafu.

Katikati ya ngazi, Engelbert, rafiki wa marehemu, akapiga goti. Jeneza likainama.

"Burgi," alimwita Notburga kwa kifupi cha jina lake, "magoti yangu yamekwisha."

"Simama! Si ulikuwa ukijisifu kwamba mlima wote umepita mgongoni kwako?"

"Mlima ulikuwa mwepesi. Huyu mumeo ulimlisha nini, mama wee?"

Wazee walicheka. Kisha mmoja akashikwa na kikohozi, na jeneza likateleza tena.

Chini, uwanjani, vijana wanne wa mgodini walikuwa wamesimama na sare zao, wageni wakiwakumbatia kwa picha. Mmoja wao, Severin, alikuwa ameshavua kofia, lakini hakusogea.

"Unangoja nini wewe?" Notburga alimpigia kelele. "Upelekewe mwaliko?"

"Mzee alinikataza, mama. Alinitukana mbele ya watu."

"Hata mimi alinikataza kuwaita. Njooni mbebe."

Walikuja wote wanne. Walilipandisha jeneza bila kuhema, na hilo ndilo lililomchoma Notburga kuliko yote. Engelbert alibaki ameketi kwenye jiwe, akiitazama mikono yake.

Kule chini wageni, wakidhani ni onyesho la kijiji, wakapiga makofi.

Notburga hakugeuka. Alifuata nyuma, kiganja chake kikigusa ubao, akamnong'oneza mumewe kwamba wanaompigia makofi ni wachimbaji wenzake.