Hesabu za Posta, Kitanda cha Baba

Hesabu za chuo kikuu nilizisoma kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa kidevu, katika shule ya misheni kwenye kilima cha Manga. Chuo chenyewe kilikuwa Uingereza na sijakiona mpaka leo. Masomo yalikuja kwa posta hadi Kisii mjini, na kutoka Kisii yalipanda kilima kwa miguu yangu mwenyewe, saa tatu za kutembea. Kila bahasha ilikuwa na mafunzo mapya, pamoja na kazi yangu ya zamani iliyochorwa wino mwekundu na mwalimu ambaye sikujua kama ni mzee au kijana.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mwalimu, nina miaka ishirini na kitu, na nilikuwa nimechoka na kila kitu nilichokiona nikifungua mlango. Nasema wazi kwa sababu sasa nimezeeka na hakuna wa kunigombeza. Nilichoka na migomba, na ukungu, na jedwali la kuzidisha likiimbwa na watoto sitini wenye mafua. Nilichoka kuulizwa nitaoa lini. Chuo kile kiliahidi kwamba atakayefaulu mtihani wa mwisho atapata nafasi ya kwenda kusoma huko huko, nauli ikiwa juu yao. Ulipewa miaka mitatu kumaliza kozi, na ikipita bila mtihani unafutwa. Mimi nilikuwa kwenye mwaka wa tatu.

Kozi ilihusu matriksi. Matriksi ni namba zilizopangwa kwa mistari inayolala na safu zinazosimama, zikafungiwa ndani ya mabano mawili makubwa, kama migomba iliyopandwa na mtu nadhifu. Hazikuwa hesabu za kujipamba nazo. Zilikuwa hesabu za kutumia: kiwanda kinahitaji makaa ya mawe kiasi gani, reli inahitaji chuma kiasi gani, chuma kinahitaji makaa kiasi gani, na yote yanategemeana mpaka huwezi kujua moja bila kuyajua mengine. Makaa ya mawe sikuwahi kuyaona. Nilikuwa nayahesabu kwa imani tu, na kwa imani ile ile nilipata alama nzuri.

Nilifanyia kazi ubaoni siku za Jumapili. Sisi wa misheni ile tulipumzika Jumamosi, kwa hiyo Jumapili watu walikuwa shambani na shule ilikuwa yangu. Unachukua mstari wa kwanza, unauzidisha, unautoa kwenye wa pili ili namba moja ife. Kisha kwenye wa tatu, kisha kwenye wa nne. Ukikosea kutoa saba kwenye tatu huko juu, ubao mzima unaoza mpaka chini, nawe hujui hadi umefika mwisho. Mwalimu mkuu wetu, mtu wa Suneka mwenye macho ya mwewe, alikuwa akihesabu chaki kila Jumatatu. "Mwalimu," aliniambia siku moja, "hizo hesabu zako zinakula chaki kuliko watoto."

Katikati ya mwaka ule tulipewa zoezi la kutunga wenyewe: chukua jambo la mahali unapoishi, uliweke kwenye matriksi, ulitatue. Nilichagua risaga, ule utaratibu wetu wa majirani kulimiana kwa zamu, leo shamba langu, kesho lako. Nilichukua maboma manne ya upande wetu wa kilima, letu likiwa la kwanza, nikaandika kila boma linatoa siku ngapi kwa kila shamba. Kupata namba zenyewe ilikuwa kazi. Mama mmoja jirani aliweka jembe chini akanicheka hadi akakaa. "Siku za risaga nazo huhesabiwa? Si zinarudi tu?"

Nikaanza kufuta mistari, na mstari wa mwisho ukatoka sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Nilijua nimekosea. Nilirudia Jumapili tatu mfululizo, nikamaliza chaki ya nusu muhula, na kila mara mstari wa nne ulitoweka kana kwamba boma la nne halijawahi kuwepo. Mwishowe nilituma ilivyo, na haya tele.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Hukukosea, aliandika yule mwalimu wa Uingereza. Jedwali lako limefungwa. Kila siku ya kazi inayotoka kwenye boma moja inaingia kwenye jingine miongoni mwa hayo hayo manne. Hakuna kinachotoka nje na hakuna kinachoingia kutoka nje. Mstari wa nne haukuambii lolote ambalo ile mitatu haijasema. Jedwali la namna hii haligeuziki, na halitakupa jibu moja hata ulirudie mara mia. Kisha akanipa alama ya juu kuliko zote nilizowahi kupata. Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama barabarani pale Kisii, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, kwa sababu nilikuwa nimesifiwa kwa kuthibitisha kwamba nimefungiwa. Chini kabisa alikuwa ameandika kwamba bahasha itakayofuata itakuwa na fomu ya mtihani. Nisiicheleweshe hata siku moja.

Sasa niseme habari za baba. Baba hakujua kusoma. Karatasi ya kwanza kufika boma letu ilikuwa bahasha ya rangi ya kaki yenye muhuri, wakati wa vita vikubwa, nayo ilimchukua kaka yangu. Karatasi ya pili ilifika kutoka nchi ambayo hakuna aliyeweza kuitaja vizuri, ikasema kaka hatarudi. Tulikuwa watoto wa kiume wawili. Tangu hapo nilikuwa mmoja. Bahasha zangu zote nilizichukua mwenyewe posta na kuzificha shuleni, si kwa hila, bali kwa sababu niliona uso wake ulivyokuwa mara ya kwanza alipoiona moja mkononi mwangu.

Fomu ilikuja nikiwa Ekerenyo kwa mkutano wa walimu wa siku tatu. Nilirudi Jumanne jioni, na mwalimu mkuu akanipokea kwa furaha. "Nilikuwa Kisii jana, nikakuchukulia barua yako ya Ulaya posta. Kubwa, ya kaki, ina mihuri. Nikaona jambo zito namna hiyo halifai kukaa shuleni. Nimemkabidhi mwenye boma mwenyewe." Alifanya heshima, na mtu yeyote wa kwetu angefanya vile vile. Barua kubwa hupewa baba. Fomu ilitakiwa itiwe sahihi na afisa wa elimu Kisii na iondoke kwa lori la posta la Ijumaa saa sita mchana; baada ya hilo isingewahi mtihani.

Nikamkuta mama nje ya nyumba anapepeta wimbi. Baba alikuwa amelala na kichomi tangu Jumapili.

"Bahasha iko wapi?"

"Ameiweka chini ya ngozi anayolalia," mama alisema bila kuinua macho. "Ameilalia."

"Mwambie ageuke uitoe."

"Nimemwambia. Anasema uje uitoe wewe."

Msomaji asiye wa kwetu atashangaa tatizo liko wapi. Tatizo ni ensoni, yaani haya na heshima kwa pamoja. Kijana wa Kigusii akishatahiriwa anaweza kuingia nyumba ya mama yake na kula karibu na moto, lakini havuki ukuta mdogo wa udongo kwenda upande wanakolala wazazi. Kitanda cha baba hakioni. Akivuka, si kosa la kuomba radhi yakaisha; ni aibu inayobaki kwenye jina la boma, na mbuzi wa kusafisha huchinjwa, na watu husema. Nilikuwa nasoma hesabu za Uingereza, lakini miguu yangu ilikuwa ya Manga.

Nikasimama karibu na moto, nikaongea na ukuta, baba akiwa upande wa pili.

"Tata, umeshindaje?"

"Mimi nimeshinda. Kifua ndicho kimeshindwa."

"Naomba ile barua, Tata."

"Ipo."

"Ni ya shule. Si ya vita."

"Ya ndugu yako walisema ni ya kazi tu."

"Vita viliisha, Tata."

"Viliisha kwa nani?" akauliza, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

Jumatano nilimweleza kwa upole. Alhamisi nilimweleza kwa ukali, mpaka mama akanishika mkono. Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii baba yake, kwamba alishindwa kumzuia mkubwa sasa anamfunga mdogo kama mbuzi. Nilitoka nikakaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, nikiwa na hasira. Darasani tulikuwa tunawafundisha watoto kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waliotunga methali ile, nilijisemea, hawakuwa na mvungu wa mtu kama baba yangu.

Ijumaa niliamka nimeshaamua kuvuka. Nilivaa suruali ya kwenda Kisii na viatu. Mama aliniona, akaelewa, akachukua mtungi wake akaenda kisimani ili asiwe shahidi. Nikaingia nyumbani. Jua lilikuwa limetoka lakini mle ndani kulikuwa na giza la moshi. Nilipita moto, nikaweka mkono juu ya ule ukuta. Ulikuwa unafika kifuani tu, mtoto angeuruka. Niliweza kusikia kila pumzi yake ikikwaruza.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja, Tata."

"Basi ingia."

Nikasimama. Sijui nilisimama muda gani. Mguu wa kulia ulikuwa mbele, na nilikuwa nauambia uende, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha ya mama yangu. Haukwenda. Machozi yalianza kunitoka na nikaona aibu kulia kwa ajili ya karatasi.

"Siwezi," nikasema.

"Najua." Sauti yake haikuwa na ushindi ndani yake. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko mimi. "Utaweza siku moja. Nikifa, utaingia. Utaingia unitoe nje, kwa sababu hakuna mwingine. Hiyo karatasi utaikuta hapo."

Nilipaswa kumwambia, hapana Tata, utapona. Ndivyo mtoto anavyosema. Badala yake nikajikuta nasikiliza pumzi zile, moja moja, naangalia jua kupitia mlangoni, na kufikiria saa tatu za kutembea hadi Kisii. Sikuwa namwombea apone. Nilipoelewa ninachokifanya, nilitoka nje mbio hadi kwenye migomba.

Lori liliondoka saa sita. Jumatatu baba alipona, akatoka nje akiegemea fimbo, akanipa bahasha kwa mikono miwili, imenyooka, haina hata mkunjo. "Soma sasa," akasema, na nadhani kweli aliamini bado inafaa kitu. Nilimshukuru. Chuo kilinifuta mwaka ule ulipokwisha, kama kilivyosema kitafanya.

Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Nilimlimia, nikamnunulia blanketi, nikamshika mkono hadi kwa daktari Kisii mara mbili, na watu wa kilimani wakanitaja kuwa mfano wa mwana mwema. Kila asubuhi kabla ya shule niliingia, nikasimama karibu na moto, nikamsalimu kupitia ule ukuta. Kila asubuhi alijibu. Na zile asubuhi alizochelewa kujibu, moyo wangu uliruka kwa furaha kabla sijaweza kuukanya.