Mama Picha, Mwaka wa Barakoa

Mtaa mzima ulimwita Mama Picha, na watoto aliowapiga picha za shule hawakuwahi kujua kama ana jina jingine. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chembamba, kati ya kibaraza cha fundi cherehani na duka la dawa. Ukutani alitundika pazia la buluu aliloshonewa na huyo huyo fundi, na mbele ya pazia akaweka stuli isiyo na mgongo. Alikuwa na maneno yake. Mtu akikakamaa, alimwambia, "Legeza mabega, hujashtakiwa." Mtu akicheka, ndipo alipobonyeza.

Kisha ugonjwa ukaingia. Kwanza ulikuwa redioni, halafu mtaa wa pili, halafu nyumba ya mtu unayemjua. Harusi zikafutwa, shule zikafungwa. Waliobaki kuja ni wa picha za vitambulisho. Hao walikaa kwenye stuli wamebana pumzi, wakashusha barakoa hadi kidevuni, wakaipandisha kabla hajawaambia tayari. Mashavu yao yalikuwa na michirizi ya kamba, na macho kama ya mtu aliyesikia hatua nyuma yake.

Asubuhi moja akaingia mwalimu mstaafu, aliyemfundisha Mama Picha kusoma. Alivaa suti iliyonuka sanduku.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nipige moja tu, uso peke yake. Kubwa, halafu uitie fremu."

"Unampelekea nani, mwalimu?"

Mzee akaweka tai yake sawa. "Haiendi popote. Ni ya kuwekwa."

Mama Picha akaelewa, na siku hiyo hakusema neno lake la mabega. Haukupita muda akaiona picha ile ikipita mbele ya mlango wake, imebebwa na mjukuu. Nyuma yake lilifuata gari la maiti, na watu wachache waliotembea mbali mbali kama waliogombana.

Baada ya mwalimu wakaja wengine. Wazee wenye vifua vibovu, mama mmoja mwenye sukari, watu walioona afadhali wajichagulie wenyewe uso wa kuagwa nao. Wengi wao hawakuishi muda mrefu.

Fundi alianza kwa utani. "Jirani, siku hizi nikiiona kamera yako naona kama naitwa." Wote wawili wakacheka. Baadaye akawaambia wateja wake, "Mama Picha akikupiga, kaandike wosia," nao wakacheka. Maneno yakaenda sokoni, na yaliporudi hakuna aliyekuwa anacheka tena, hata fundi mwenyewe. Akawa akipita mbele ya dirisha la studio anafunika uso kwa kiganja. Watu wakahamia upande wa pili wa barabara.

Siku moja Mama Picha alifika kufungua akakuta kioo cha dirisha kimepakwa masizi. Hakikupakwa ovyo. Kila uso wa picha zilizotundikwa kwa ndani, bibi harusi, mhitimu, mtoto mchanga, ulizibwa kwa duara lake jeusi. Aliyefanya hivyo hakuwa na haraka. Mama Picha akachota maji, akasugua mpaka vidole vikawa vyeusi, huku fundi akiinamia cherehani yake bila kuinua kichwa.

Masizi yalitoka, lakini kuna kitu kilibaki ndani yake. Jioni binti yake alipoinua simu ili wapige picha wakiwa mezani, Mama Picha alijikuta anapiga kelele, "Weka chini hiyo!" Binti akashtuka, kijiko kikamponyoka. Hakuna aliyemaliza chakula.

Mdogo wake Mama Picha alikuwa muuguzi katika wodi ya waliotengwa. Adhuhuri moja alikuja akasimama kizingitini, hakuingia.

"Dada, nataka unipige picha."

"Sikupigi."

"Mbona unawapiga watu baki?"

"Hao hatukunyonya ziwa moja. Sikupigi, nenda kapumzike."

Mdogo wake akacheka, kisha akaona dada yake hacheki. "Ina maana na wewe umeyaamini maneno ya kibarazani?"

Mama Picha akajitia kupangusa stuli.

"Basi nisikilize," mdogo wake akasema. "Tukiingia wodini tunavaa kama mizigo iliyofungwa. Miwani, barakoa, kofia, plastiki mwili mzima. Jana bibi mmoja alinishika mkono akaniuliza, 'Mwanangu, wewe ni mtu?' Nikamwambia, ndiyo bibi. Akasema, 'Hebu nikuone.' Ningemwonyesha nini? Amekufa ananitazama, na sijui alidhani anatazama nini." Akajigusa kifuani. "Nataka uso wangu niubandike hapa, niwe nacheka."

Mama Picha akawasha taa. Alibonyeza harakaharaka, picha za mwanzo zikatoka na ukungu. Lile neno lake hakulisema. Ndipo mdogo wake alipokunja uso, akaiga sauti ya dada yake: "Legeza mabega, hujashtakiwa!" Akajichekesha mwenyewe, meno yote nje. Hiyo ndiyo aliyoichukua.

Aliichapisha kubwa, akaiziba kwa plastiki ili iweze kufutwa kwa dawa. Baada ya hapo wauguzi wengine nao wakaja, wanacheka kwa zamu kwenye stuli, wanarudi kazini wamebeba nyuso zao ndani ya bahasha.

Kisha cherehani ya jirani ikanyamaza. Watu waliona wanaume waliovaa meupe wakimtoa fundi nyumbani kwake asubuhi, miguu inaburuzika. Siku chache baadaye mdogo wake Mama Picha akaanza kukohoa. Mwanzoni alijibu ujumbe mwenyewe. Halafu mwenzake wa wodini akawa anamjibia. Halafu hakuna aliyejibu. Simu ilipoita, Mama Picha aliiacha iite kidogo kabla ya kuitazama. Alifungua studio kila siku kwa sababu nyumbani palimshinda, akakaa kwenye stuli ya wateja akilitazama pazia.

Aliyefika mlangoni alikuwa mke wa fundi, khanga kichwani, macho chini.

"Amefariki," akasema. "Sina picha yake. Alizifuta zote kwenye simu, hata za kwangu. Alisema hataki uso wake uzagae." Akameza mate. "Najua alivyokuwa anakusema."

"Kaa hapo, shoga yangu."

Mama Picha akafungua kompyuta, akaanza kupekua harusi za miaka iliyopita, moja baada ya nyingine. Mke wa fundi alikaa akingoja. Jua lilipoanza kuondoka mlangoni, akampata. Bibi harusi alikuwa mbele ya kioo, na nyuma yake fundi amepiga magoti, anavuta pindo la gauni, pini kadhaa kazibana kwa midomo. Uso ulikuwa umegeukia pembeni, nusu yake kivulini. Mama Picha akaukuza mpaka ulipoanza kumeguka vipunje, akarudi nyuma kidogo.

"Naweza kuziondoa hizo pini."

"Ziache," mjane akasema. Ndipo alipolia.

Mdogo wake alitoka hospitali baadaye, amekonda, akishika ukuta na kupumzika kila baada ya hatua chache. Dada mtu alimkumbatia kwa nguvu, kisha akalegeza kwa kuhofia mbavu.

"Fundi nilimhudumia kabla sijaugua," mdogo wake alimwambia walipokaa. "Alinijua kwa picha. Akasema, hiyo kazi ya jirani yangu."

"Akasema nini tena?"

"Akaniomba niifunike."

"Ukafanyaje?"

"Nikaweka kiganja juu yake. Nilimlisha kwa mkono mmoja."

 Mdogo wake akaegemea ukuta, pumzi ikimpiga filimbi, akaongeza kwamba ameitwa kazini. Hospitali ilikuwa imejaa, na sasa wamepewa shule iwe wodi.

Mdogo wake alipoanza kazi, Mama Picha alikwenda naye akiwa na kamera begani. Madawati yalikuwa yametolewa uwanjani, yamerundikwa hadi usawa wa madirisha, yameloa mvua. Watu walikuwa wakishusha magodoro mapya kwenye lori na kuyaingiza madarasani, bado yamo kwenye nailoni. Wauguzi wapya walimsubiri kwenye mstari kando ya ukuta, wengi wao ndio kwanza wametoka chuoni. Mama Picha akapangusa lenzi, akamwita wa kwanza. Msichana akashusha barakoa. Alikuwa rika la binti yake.

"Nicheke?" akauliza.

"Cheka," Mama Picha akamwambia.

Nyuma ya msichana lori jingine la magodoro lilikuwa linarudi kinyumenyume kuingia getini.