Mkoma Chini ya Wingu

Juzi nilikuwa mbele ya kompyuta nikihariri picha ya wingu la masika. Nilikuwa nimeshapeleka kishale juu ya mti mmoja ili niufute, mkono ukakataa. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana hata mke wangu alidhani nimesinzia.

Picha yenyewe niliipiga mwaka jana kijijini kwetu Hewani, karibu na ukingo wa mto. Wingu limetanda juu ya mashamba, jeusi tititi, na chini yake umebaki ukanda mwembamba wa mwanga wa manjano. Pembeni kushoto umesimama mkoma, mti wa jamii ya mnazi, ulioinama. Hoteli moja ya pwani ilitaka kuitundika ukutani, ila kwa sharti kwamba mti utolewe, eti unaharibu anga. Kwa kanuni za kazi yetu hawakukosea, kwa kuwa mti ule unavuta jicho mbali na wingu. Kuufuta ni kazi ndogo tu.

Lakini mkoma ule ulikuwa wa uani kwa bibi yangu.

Chini yake ndipo bibi alipoanika mpunga kwenye majamvi, nasi wajukuu tukifukuza kuku huku tukiguguna makoma, tunda gumu kama ugomvi, utamu wenyewe wa kuonja tu. Jikoni kambare anachemka na ndizi mbichi. Wingu likichomoza, kazi zote zilisimama, na ole wako ulinyooshee kidole. Bibi alisema wingu ni mgeni, na mgeni akinyooshewa kidole huona haya akapita kwa wengine. Basi tulilionyesha kwa kidevu. Ungetukuta uani tumebenua videvu sote, ungedhani tumeteguka shingo.

Jirani yetu, mama wa Kiorma aliyetuletea maziwa na kuondoka na mchele, aliicheka sana desturi hiyo. Hata hivyo, akiwa uani kwetu naye alitumia kidevu. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Nilipomwambia bibi, alinijibu, "Dalili haijazi mtungi. Kusanya mpunga."

Mpunga ukishaingia ndani, bibi alifunga mtumbwi kwenye mkoma, kwa sababu mto wetu ukipenda huja mpaka mlangoni. Mwaka mmoja ulikuja kweli. Tulipakia magunia, kuku na bibi mwenyewe, tukakaa mtumbwini tumeshikilia kamba ya mkoma hadi watu wa kijiji cha Wema walipokuja kutuchukua. Nyumba ilikwenda na maji. Bibi hakuililia nyumba. Alililia jiko lake la udongo alilolifinyanga kwa mikono yake, na mimi nililia kwa kuwa sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Tulihamia Garsen, na bibi akafia huko. Mawingu bado huja kila masika, makubwa vilevile, na vijana huyanyooshea simu bila wasiwasi. Siwalaumu, hata mimi nayanyooshea kamera na ndiyo kazi inayonilisha. Ila nawakumbuka wale wa videvu, na siku nyingine inaniuma.

Basi nikaacha kishale pale pale nikampigia shangazi, binti wa bibi aliyebaki peke yake, nimweleze habari za hoteli. Akaniambia ukingo umemeguka na mkoma umeanguka mtoni, watu wa Hewani wamemletea habari.

Nilikaa nikiitazama ile picha. Mto ulikuwa umekwisha kuung'oa, na hapa nilipo nilikuwa nataka kuung'oa mara ya pili kwa kidole kimoja. Niliwaandikia watu wa hoteli kwamba picha haitoki bila mti. Hawakuichukua.

Nikaichapisha kubwa, nikampelekea shangazi. Alifuta miwani kwa ncha ya leso, akaitazama kwa muda. Akabenua kidevu kuelekea kwenye wingu, lile la karatasi.

"Lilinyesha hili?"

"Lilinyesha, shangazi."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Kisha akaweka kidole chini ya mkoma, penye nyasi tupu.

"Jiko lilikuwa hapa," akasema.