Nusu Niliyomnyima Mzee wa Moto

Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii miwili, na viatu nilivyovaa siku ile viko chini ya kitanda changu hapa Granville na mchanga wake ndani. Naanza na viatu kwa sababu ndicho kitu pekee ninachoweza kukuonyesha. Mengine utayapima mwenyewe. Mimi shule niliishia darasa la saba, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na kupamba maneno sijui. Nina daftari tu ninaloliandika kila nikitoka kazini. Pale nisipokuwa na hakika nitakuambia sina hakika.

Ilikuwa Agosti, mwaka wa pili wa korona, Sydney imefungwa. Unazikumbuka siku zile? Ilikuwa marufuku kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani kwako, polisi barabarani, helikopta juu ya mapaa. Sisi tunaohudumia wazee majumbani tulikuwa na barua ya kutuvusha. Kila siku saa kumi na moja jioni nilishuka stesheni ya Seven Hills, nikaenda kwa Bibi Aita kumwogesha, kumlisha na kumlaza.

Bibi Aita alikuwa Msakha. Mimi kabla yake sikujua kama kuna watu wanaitwa hivyo. Ni watu wa Siberia, wafugaji wa farasi na ng'ombe kwenye baridi isiyosemeka. Aliolewa na Mwaustralia aliyekwenda kwao kupima madini, akaletwa huku, mume akafa, watoto hawakujaaliwa. Alizaliwa katika mji mdogo kando ya mto Lena, mto mpana hivi kwamba mtu aliyesimama ng'ambo humtambui ni nani. Wakati wa baridi maji yanaganda na malori yanapita juu yake. Ardhi chini ni barafu mwaka mzima, kwa hiyo mabomba hawayafukii, wanayapitisha hewani. Haya yote alinieleza jioni baada ya jioni nikimpaka mafuta miguuni, kwa Kiingereza chake kibovu na changu kibovu zaidi, na tulielewana kuliko ninavyoelewana na watoto wangu, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza.

Wiki ile aliacha kula. Msitu wa kwao ulikuwa unawaka. Mpwa wake alimtumia picha kwenye simu, jua jekundu kama nyanya, barabara imejaa moshi. Bibi akazitazama kutwa, halafu akasema moto una njaa. Yeye ndiye mkubwa wa mwisho wa nyumba yao aliyebaki, na mkubwa hali kabla moto haujala. Akabaki na chai tu.

Sista Wanjiru, nesi Mkenya aliyekuja kumpima uzito, alinivuta kibarazani siku ya Jumatatu.

"Dadangu, huyu mama anakauka tukimwangalia," alisema. "Nikirudi Alhamisi nipate bado hakuli, naita ambulensi. Sina njia ingine."

"Wakimchukua, nani ataruhusiwa kumwona?"

"Hakuna mtu. Si unajua wodi zilivyo sasa? Mtaagana hapa mlangoni."

"Na akifia huko?"

"Aki usiniulize hivyo. Nyinyi Wakongo si mnajua kubembeleza watu? Mbembeleze akule."

Nilimbembeleza Jumatatu. Jumanne pia. Jumatano nilifika mbio, maana kesho yake ndiyo Alhamisi. Nikampangusa uso, nikamwambia, "Bibi, leo kula kidogo. Kwa ajili yangu."

Akanitazama sana. "Nenda ukapike chapati za maji," akasema. "Ndogo, za siagi. Ile ya kwanza mpe mzee."

"Mzee gani, Bibi?"

"Wa moto. Kila moto una mzee wake, ana ndevu za kijivu, na yeye ndiye anakula wa kwanza. Akila, nami nitakula. Zote, hata ukipika ishirini."

Ningekataaje? Nilikaribia kucheza jikoni. Lakini nyumba ile ni ya umeme, na chumbani kuna mashine ya oksijeni, hata kiberiti hakiruhusiwi. Nikakumbuka jiko la chuma kule uani ambalo marehemu mume wake alikuwa akichomea nyama. Nikakusanya vijiti vya mkalitusi, nikawasha moto mdogo mbali na madirisha, nikarudi kukaanga. Ya kwanza ikatoka imeiva pande zote, imelowa siagi, inanukia. Nikaibeba kwenye kitambaa cha karatasi mpaka lile jiko la uani, kwa mzee.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa liko hapa.

Sikuweza kuitupa. Ningependa kukuambia ni imani iliyonizuia, kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa na mchungaji wetu angekuwa na la kusema. Lakini nitakuwa nadanganya, kwani kanisa halikunijia akilini kabisa. Kilichonijia ni mgao. Kule kambini, unga ukipunguzwa, mama yangu alikuwa akikung'uta gunia juu ya sufuria mara tatu, mara nne, hadi vumbi. Ugali ukianguka chini unaokotwa na kuliwa na mchanga wake. Mtu aliyelelewa hivyo umwambie atie motoni chakula kizuri, kizima, chenye siagi? Mkono ulikataa tu. Nikaikunja chapati ndani ya karatasi, nikaitia mfuko wa kulia wa sare yangu, nikawaza nitaila kwenye treni.

Kisha nikaingia ndani na sahani. "Tayari, Bibi. Amekula."

Bibi akachukua chapati moja, akaifikisha mdomoni. Akairudisha.

"Hajala."

"Amekula, Bibi. Nimemwona."

"Umemwona?" Akacheka kidogo, bila meno. "Binti, wewe una miguu ya kutembea, mimi sina, lakini moto wetu naujua. Nenda umuulize."

Ndipo nilipoona dirishani mwanga mwekundu. Nje giza lilikwishaingia, na nyuma ya uzio, upande wa jirani, kulikuwa kunang'aa na moshi unapanda. Nikajua nimechoma nyumba ya watu. Niamini, sikuwaza uchawi wala mizimu, niliwaza polisi. Nikanyakua ndoo, nikajaza maji bombani, nikakimbilia geti dogo la pembeni. Nyuma ya geti lile kuna njia nyembamba na mapipa ya taka, lenye kifuniko chekundu na lenye kifuniko cha njano. Nimeyasukuma mara mia.

Nikalisukuma geti, nikaingia mchana.

Mapipa hayapo. Jua liko juu, limefunikwa moshi, unaweza kulitazama kwa macho makavu. Chini ni mchanga mweupe, laini, na mbele yangu maji, maji, maji, mpaka upeo. Mto, nao unakwenda taratibu kama mtu mwenye heshima zake. Kushoto nyumba za magogo zimeinuliwa juu ya nguzo, na mabomba yamevishwa matambara na mabati, yanapita hewani, yanaruka barabara kama mlango mkubwa. Yale yale. Nilisema kwa sauti, "Bibi, ni yale yale." Ungekuwa wewe ungefanya nini, ungerudi? Mimi niliogopa, sikatai, lakini furaha ilinishinda. Mtu niliyekatazwa kufika hata Minto, hapa hapa Sydney, kumwona dada yangu, nimesimama Siberia na ndoo mkononi.

Watu walikuwa wengi, wanachimba. Wanawake kwa wanaume wanakata mtaro kati ya mji na msitu kwa majembe, nywele zimejaa majivu. Farasi wafupi wenye manyoya wamefungwa kwenye nguzo zilizochongwa. Nami nimevaa barakoa, ngao ya plastiki usoni na aproni ya bluu. Mama mmoja mwenye kitambaa cha njano aliinua kichwa, akaniona, akamgonga mwenzake kiwiko, wakacheka hadi wakaegemea majembe yao. Akanisemesha. Sikuelewa hata neno moja. Akaichukua ndoo yangu, akanipigapiga bega, akaenda nayo kumwaga maji mtaroni. Ndoo ile sikuiona tena. Ilikuwa ya Bibi, na nikanunua nyingine.

Hapo ndipo nilipomwona mzee.

Alikaa peke yake karibu na mtaro, kwenye kigogo, mbele ya moto mdogo. Ndevu za kijivu, ncha zimeungua. Mbavu unazihesabu. Watu walimpita huku na huku, na hakuna aliyemkanyaga, lakini hakuna aliyemtazama pia. Nikasogea. Nikaona miguu yake iko ndani ya moto, hadi magotini, ametulia kama mtu aliyeloweka miguu kwenye beseni. Na nyuma yake, mbali kule msituni, kila alipovuta pumzi miali iliinuka juu ya miti. Akitoa pumzi, inashuka.

Yeye hakunitazama usoni. Alinyoosha kiganja kuelekea mfuko wangu wa kulia.

Nikatoa chapati. Ilikuwa bado na joto. Na sasa nitakuambia kitu ambacho nimekifuta mara mbili kwenye daftari kwa aibu. Niliikata katikati. Mbele yake. Mkono wenyewe uliikata, kama tulivyokuwa tukikata kila kitu kambini, nusu ya leo na nusu ya kesho. Nikampa nusu.

Akaitia kinywani, akameza bila kutafuna. Kule nyuma miali ikapungua upande mmoja wa msitu, nikaona kwa macho yangu. Kiganja chake kikabaki palepale.

Akasema, "Na ile nusu ingine?"

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha kwetu Uvira, sauti ya mtu mzima anayemsemesha mtoto wa nyumbani. Sikio langu lilisikia hivyo. Kama kweli alitamka au mimi ndiye niliyejiambia, hapo sina hakika.

Nilisita. Sijui kwa muda gani. Upepo ukavuma, cheche zikaruka juu ya vichwa vya wachimbaji kuelekea nyumba, mama wa kitambaa cha njano akapiga kelele. Ndipo nikaitoa. Mzee akala, akalamba siagi kwenye vidole, akajilaza pale kwenye makaa ubavu mmoja kama ng'ombe aliyeshiba, akafumba macho.

Nikarudi nyumanyuma, sikumpa mgongo, mpaka geti likanigonga kisogoni. Nikajikuta uani Seven Hills, gizani, jiko la chuma limezimika kabisa.

Chumbani Bibi alikuwa amekaa kitako. Sahani tupu. Siagi kidevuni.

"Amekula?"

"Amekula, Bibi."

"Zote mbili?"

Nikainama kuchukua sahani. Akacheka mpaka mashine ya oksijeni ikalia. "Mkono wako mgumu, binti. Lete chai, weka maziwa."

Nikaangalia simu. Tangu nilipokaanga zilipita dakika arobaini tu. Alhamisi Sista Wanjiru akampima, akaandika, akapima tena. Ambulensi haikuitwa. Nilimhadithia yote barazani, akanisikiliza bila kunikatiza.

"Si ulidungwa chanjo Jumanne?" akaniuliza. "Hiyo ni homa, dadangu. Mimi ya pili ilinionyesha marehemu nyanya yangu."

Ni kweli nilichanjwa Jumanne, na ni kweli mkono uliniuma. Nimeiandika hiyo pia, ni haki yake. Halafu nikavua kiatu, nikamwaga mchanga mweupe kiasi kwenye ngazi. Akautazama. Akasema, "Uko na watoto, huenda walicheza na viatu vyako." Lakini hakuukanyaga alipotoka, aliruka.

Jumamosi mpwa wa Bibi alipiga simu. Upepo uligeuka Jumatano, akasema, kisha mvua ikanyesha siku mbili. Mvua hunyesha yenyewe, sisemi ni mimi. Mji umepona, hakuna aliyekufa. Ila cheche ziliruka mtaro kabla upepo haujageuka. Barabara ya mtoni, nyumba za upande mmoja ziliungua zote. Za upande wa pili hazikuguswa hata uzio. Nyumba aliyozaliwa Bibi ilikuwa upande ulioungua.

Bibi alinitafsiria hayo akiwa ameshika mkono wangu. Nikaanza kulia. Akasema, "Yetu haikuwa na mtu ndani." Za jirani zilikuwa na watu, waliobaki sasa bila paa, na hilo hakulisema yeye wala mimi. Aliishi mwaka mzima tena, akafa kitandani mwake, mimi nimemshika miguu.

Nimejiuliza mara nyingi: ningeitoa nzima, mara moja, bila kusita, barabara ile yote ingesimama? Sijui. Labda ingeungua vilevile. Labda hakukuwa na mzee. Lakini tangu siku ile, mshumaa ukiwashwa karibu yangu, ulimi wake unainama kuelekea mfuko wangu wa kulia, hata kama hakuna upepo. Kanisani Krismasi nakaa viti vya nyuma. Watoto wangu wameona, wanasema ni feni. Nyumbani kwetu jiko ni la umeme, kwa hiyo kila Jumatano nawasha mshumaa kwenye kibaraza, napika, na kipande cha kwanza nakitoa kizima. Mchungaji sijamwambia.

Wewe unayesoma, mtu mzima akikupa kitu umpelekee mwingine, kipeleke. Ukishindwa, rudi umwambie umeshindwa. Usiseme umeshatoa na mfuko wako una joto. Na ukifika mbele ya mwenyewe, akinyoosha mkono, tafadhali, usikikate.