Kitabu cha Kiti cha Tatu

Kitabu kile kilinuka mafuta ya mashine na sigara za watu nisiowajua, na kwa kuwa kiliingia nyumbani kwetu Wete msimu wa karafuu, majamvi ya kuianikia yametandazwa hadi mlangoni, harufu hizo zote zilichanganyika kichwani mwangu na hazijaachana hadi leo. Kilikuwa mwongozo wa kuendeshea ndege, moja ya zile pana za zamani zenye injini nne. Kizito kama tofali, kurasa zake zimeshikwa kwa pete za chuma. Mwenyewe alikuwa Mjomba Khatibu, kaka yake mama. Miaka mingi alikalia kiti cha tatu, nyuma ya marubani wawili, akiangalia mafuta, joto na moto wa injini. Zikaja ndege mpya zenye kompyuta, kiti kile kikaondolewa, naye akarudi Pemba na begi moja na kitabu kimoja. Majirani wakamwita Injinia Bila Ndege. Mcheka kilema hafi bila kumfika. Yeye alijifungia chumbani, hata msikitini alikwenda kwa kupitia uani.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na sikupenda kumwona mtu mzima akiinamisha kichwa. Nikamwomba anifundishe. "Hiki si cha kuchezea," akasema. "Wala sikuomba kuchezea," nikamjibu, na mama akanikata jicho. Tangu hapo, kila nikitoka chuoni kusoma Kurani, tulisoma ukurasa mmoja. Vifuniko vya soda tulivigongomelea kwenye mlango wa jiko vikawa ndizo saa za kupimia joto na mafuta ya injini. Nikikosea mpangilio wa hatua, tunaanza upya, hata kama wali umeshapakuliwa.

Siku moja Maalim Faki, mwalimu wetu wa Kiingereza, alinikuta na kitabu kile darasani. Akakinyanyua juu wote wakione. "Mtoto wa kike, tena wa hapa Wete, ataruka na nini? Na ungo?" Darasa zima likaangua kicheko. Miguu ilinitetemeka, lakini nilisimama. "Maalim, niulize kilichomo." Hakuniuliza. Alinichapa viboko vitatu vya mkononi kwa utovu wa adabu, akakifungia kitabu kabatini mwake.

Nilidhani mjomba atanigombeza. Aliutazama mkono wangu tu. Asubuhi yake alivaa shati lake jeupe la kazi, akanishika mkono ule ule, tukapita katikati ya soko, mbele ya wote waliomcheka, hadi shuleni. "Asalamu alaykum, Maalim. Akikosa neno moja, mchape tena na mimi nipo. Asipokosa, nipe kitabu changu." Maalim akatafuta ukurasa wa moto wa injini. Nikafumba macho: rudisha nyuma mkono wa nguvu za injini, kata mafuta, vuta kishikio cha moto, fungua chupa ya kwanza ya kuzimia moto, taa ya hatari isipozimika, fungua ya pili. Nilisema kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili wenzangu nao wasikie. Maalim alifuata kwa kidole hadi mwisho wa ukurasa, akakifunga, akamkabidhi mjomba bila kuomba radhi. Wala mimi sikuhitaji aniombe.

Ndege zile zimeshakatwa vyuma chakavu, na mjomba ametangulia mbele ya haki. Urubani sikuupata, wala sitadanganya kuwa haukuniuma. Lakini pampu za maji, kuanzia Wete hadi Micheweni, ninazifungua na kuzifunga mimi. Mwezi uliopita, kwenye pampu moja iliyoharibika, mzee mmoja alinipita kama hanioni, akaenda kumpa mkono dereva wangu: "Karibu, fundi." Dereva akanyoosha kidole kwangu. Mzee akaguna, "Huyu mwanamke?" Msichana yule wa darasani angetetemeka kwanza. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya mashine. "Ndiye huyu, mzee wangu," nikamwambia. "Hebu shika tochi, unimulikie hapa."

Akaishika.